Milimita Tano za Uzi Mweusi

Usiku wa masika, taa za njia panda ya Segera huvuta wadudu wa kila namna. Kumbikumbi ndio wanaoonekana kwanza, kwa kuwa ni wakubwa na watoto huwakimbilia. Karibu zaidi na bomba la taa huzunguka wingu la usubi ambao hakuna anayeushughulikia: mwili mwembamba, miguu mirefu, mabawa mawili yaliyolala mgongoni. Aina hii hainyonyi damu. Watu huidhani ni mbu na kuipiga makofi bure, asubuhi inafagiwa pamoja na vumbi na maganda ya machungwa.

Mdudu huyo asiye na sifa ndiye anayewafanya watu waketi mezani saa nyingi, ndoana ndogo mbele yao, wakijaribu kumtengeneza kwa uzi. Nataka kuusifu ufundi huo. Nimeukalia nikautazama mpaka nikaupenda, na sehemu kubwa ya kazi yake hapa duniani inafanywa na mikono ya Afrika Mashariki, ingawa sisi wenyewe hatuizungumzi.

Kwanza nieleze uvuvi unaohusika, maana si ule wa kwetu. Mvuvi wa Mto Pangani, kuanzia Korogwe mpaka Hale, anajua mshipi, ndoana, chubwi na nyungunyungu. Chubwi ndilo linalobeba chambo mpaka mbali. Bila uzito huo mshipi unakuangukia miguuni. Katika uvuvi wa nzi bandia chubwi halipo. Uzito uko kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene, na mvuvi huurusha nyuma na mbele kwa ufito mrefu unaopindika mpaka mshipi ukunjuke wote juu ya maji. Mwishoni mwake kuna uzi mwembamba usioonekana, na mwisho wa uzi huo kuna ndoana iliyovishwa manyoya, nyuzi au waya. Hiyo ndiyo chambo. Hainuki, hailiki, haina ladha. Kinachomdanganya samaki ni umbo, rangi na namna inavyokwenda majini.

Ni jambo la kale sana. Yapata mwaka 200, mwandishi wa Kirumi Claudius Aelianus aliwaeleza watu wa Makedonia waliozungushia ndoana sufu nyekundu na kuifungia manyoya mawili ya jogoo, kwa sababu mdudu halisi aliyeliwa na samaki wa mto wao alikuwa akiharibika mara tu akiguswa na mkono. Sababu hiyo bado inatosha leo. Usubi ukiuchoma na ndoana, hubaki na kitu.

Ili kuelewa kwa nini fundi anafunga hivi na si vile, inabidi umjue mdudu tangu utotoni. Yeyote aliyewahi kusafisha pipa au tangi la maji lililokaa muda mrefu amewaona: vijidudu vyembamba vyekundu, vinajinyonganyonga kwenye tope la chini. Wengi tunavimwaga kwa kinyaa. Ni watoto wa usubi. Wekundu wao unatokana na hemoglobini, ya jamii moja na ile iliyomo katika damu yetu, nayo huwawezesha kuishi ndani ya tope lenye oksijeni kidogo. Wapo pia wa kijani na wa kahawia, lakini wekundu ndio wanaojulikana. Baada ya muda, mtoto hugeuka kuwa bundo, yaani buu aliyejifunika ganda: tumbo jembamba lenye pingili, kifua kilichovimba. Siku ya kutoka ikifika, hewa hujikusanya chini ya ganda, likang'aa, na mdudu huanza kupanda polepole kutoka chini. Akifika juu huning'inia chini kidogo ya uso wa maji, ganda hupasuka mgongoni, na usubi hutoka ukaruka.

Wakati wa kupanda na kuning'inia, hana mbio wala kinga, na huwa wako maelfu kwa maelfu. Samaki hahitaji kumfukuza. Hukaa mahali pamoja, akifungua mdomo na kuufunga. Wanaoishi kando ya Ziwa Viktoria wameona mawingu ya wadudu wa ziwa yakisimama juu ya maji mfano wa moshi, na katika Ziwa Nyasa watu hukusanya wadudu wa namna hiyo, wakawabana na kuwakausha kuwa andazi jeusi liitwalo kungu. Kama binadamu anaweza kushiba kwa mdudu wa milimita chache, samaki hana sababu ya kumdharau.

Hapo ndipo ugumu wa fundi unapoanzia. Samaki anayekula kitu kimoja mara elfu kwa asubuhi moja amekariri kitu hicho. Ukimletea nzi mnono mwenye mbwembwe atamwacha apite. Anataka wembamba uleule, kimo kilekile, mng'ao uleule.

Shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, alifanya kazi hiyo miaka mingi katika karakana moja ya Nairobi kabla hawajarudi kulima huku Handeni. Jiliwa lake dogo bado analo, limefungwa ukingoni mwa meza ileile anayochambulia mchicha. Mchana jua linapoingia kutoka mlangoni hukaa hapo, na mimi huvuta kigoda.

Nzi anayeanza naye kila mara ni wa vitu vitatu tu: ndoana, uzi mweusi, waya mwembamba. Ndoana ni namba 20. Katika namba za ndoana hizi, namba ikipanda, ndoana inapungua. Namba 20 ina shina la milimita kama tano, namba 24 ni ndogo zaidi. Huishika kwa kibano, akaibana kwenye jiliwa kwa sehemu yake iliyopinda ili shina lilale sawa kabisa. Kisha huligusa kwa ukucha. Likitikisika, anaanza upya.

Uzi wake ni wa denia 70, yaani mita 9,000 zake zina uzito wa gramu 70. Uzi wa kawaida wa cherehani, kwa urefu uleule, una uzito mara tatu ya huo au zaidi, na kwenye ndoana namba 20 tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama umefunga mdudu au kinundu. Anaushika kwa bobini yenye mrija mwembamba, anaulaza juu ya shina na kuuzungushia juu ya ncha yake wenyewe mara nne tano, mpaka ujishike bila fundo. Ncha iliyobaki huikata. Kabla ya kuendelea hufanya kitu ambacho nilikitazama mara nyingi kabla sijakielewa: huiacha bobini ining'inie, akaizungusha kinyume cha saa. Msokoto wa uzi hufunguka, na uzi ambao ulikuwa wa duara unalala bapa. Sasa kila mzunguko unafunika nafasi pana bila kuongeza unene. Akifika mahali anapotaka unene, huizungusha bobini upande wa pili, uzi ukajisokota tena. Kwa uzi mmoja amepata nyuzi mbili.

Halafu waya. Anaulaza juu ya shina na kuufunika kwa uzi kwenda nyuma, mpaka pale ndoana inapoanza kupinda, ili mwili wa mdudu uwe na mkunjo kidogo, maana bundo anayepanda hanyooki. Anarudi mbele, mizunguko ikigusana, na kila anapokwenda nyuma tena husimama mbele kidogo ya alipoishia mwanzo, mwili ukawa mwembamba mkiani na kuongezeka taratibu kuelekea kifuani. Sijui kazi nyingine ambayo mtu huchonga umbo kwa kuamua tu pa kusimama.

Nilimuuliza, "Shemeji, mbona umeacha nafasi hapo mbele?"

"Hapo ndipo fundo litalala, shemeji. Ukipajaza sasa, mwisho utafunga juu ya tundu, na mvuvi atashindwa kupitisha uzi wake. Ndoana kama hiyo ni ya kutupa, hata ukiipamba vipi."

Waya unazungushwa mara tano au sita kuelekea mbele, nafasi zikiwa sawa. Hizo ndizo pingili za tumbo, na ndiyo sehemu pekee inayong'aa kama ile hewa chini ya ganda. Hapa jicho lolote linaweza kuhukumu: nafasi moja ikiwa pana kuliko nyingine, mdudu mzima anaonekana amevunjika. Akifika kifuani anaubana waya kwa uzi, lakini haukati kwa mkasi. Anaupindapinda mpaka ukatike wenyewe pale pale ulipobanwa, kwa sababu mkasi huacha kisiki kidogo, nacho kisiki hukata uzi siku moja samaki akiwa amenasa.

Mizunguko michache ya uzi uliosokotwa inajenga kifua. Kisha fundo la kumalizia, ambalo ni uzi kuzungushwa juu yake wenyewe mara nne na kuvutwa ndani ukapotea. Tone la vanishi kwa ncha ya sindano. Wakati mwingine rangi ya kucha isiyo na rangi hutosha. Kazi imekwisha. Aliyekamilika mbele yako ni mdogo kuliko punje ya mchele, na mtu asiyejua atasema hakuna kilichofanyika.

"Ukikaza sana uzi unakatika," aliniambia siku moja, macho yake yakiwa kwenye ndoana. "Ukilegeza, mwili unazunguka. Kidole ndicho kinachojua, shemeji, jicho halisaidii hapo."

Ninachokiheshimu zaidi katika kazi hii ni hesabu ya kupunguza. Nzi mkubwa mwenye mabawa, mkia na manyoya ya rangi tatu husamehe. Kosa hapa hufunikwa na pambo pale. Huyu mdogo hasamehi. Mzunguko mmoja wa uzi usio wa lazima unaonekana, na una madhara ya kweli: mwili ukinenepa, nafasi kati ya shina na ncha ya ndoana inaziba, na ndoana inashindwa kushika mdomo wa samaki. Kwa hiyo kila mzunguko lazima uwe na kazi. Binafsi sivutiwi na nzi waliojazwa nyuzi za kumetameta madukani. Wanamvutia mnunuzi kabla ya samaki.

Hata majina makubwa ya aina hii ni ya vitu vichache. Zebra Midge, ambayo leo imo karibu katika kila kisanduku cha mvuvi wa Marekani, ni uzi na waya tu, mara nyingi na shanga kichwani, na anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Ted Welling, kiongozi wa wavuvi pale Lees Ferry, Arizona, kwenye Mto Colorado chini ya bwawa la Glen Canyon. Shanga hiyo, ikiwa ya tangsteni, ni nzito kupita risasi ya ukubwa uleule. Inafanya kazi ya chubwi ndani ya kichwa cha mdudu, ikimshusha mpaka wanakolala samaki. Aina nyingine, Griffith's Gnat, imepewa jina la George Griffith wa Michigan, ambaye nyumbani kwake kando ya Mto Au Sable ndiko chama cha Trout Unlimited kilikoanzishwa mwaka 1959. Yeye alitumia vitu viwili juu ya ndoana: unyoya wa tausi uliozungushwa kuwa mwili, na unyoya wa jogoo wa madoadoa uliozungushwa juu yake kutoka nyuma hadi mbele. Huelea, na machoni pa samaki aliye chini huwa ni kishada cha usubi ulioshikana.

Sasa nirudi nyumbani. Samaki wa trauti, ambaye uvuvi huu unamlenga hasa, hakuwa wa kwetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai yake kutoka Scotland na samaki hao wakapandwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua nchini Kenya. Baadaye walienezwa katika mito ya Mlima Kenya, na kituo cha kuwazalisha kilianzishwa Kiganjo, Nyeri, mwaka 1948. Tanganyika nayo ilipandiwa trauti katika vijito baridi vya Kilimanjaro na nyanda za juu za kusini. Walowezi walikuja na fito zao, wakahitaji nzi, na nzi wakafungwa na Waafrika. Walowezi wengi waliondoka. Ufundi ulibaki, ukafunzwa kwa jirani, kwa dada, kwa mtoto wa mjomba, na Kenya ikawa mojawapo ya nchi zinazoujaza ulimwengu nzi bandia. Kampuni ya Uingereza ya Fulling Mill ina karakana yake huko, na zipo nyingine nyingi ndogo, hata za watu wachache mezani, wanaouza nje kwa dazani.

Ndoana hutoka Japani, shingo za majogoo waliofugwa kwa ajili ya manyoya tu hutoka Colorado, hukutana juu ya jiliwa la Nairobi, na kutoka hapo zikiwa wadudu. Mnunuzi wa Montana au Wales hulipa dola mbili au tatu kwa mmoja, akamwona samaki wake wa maisha, akampiga picha. Jina la aliyefunga halipo kwenye kisanduku. Ninaona hilo ni upungufu mkubwa. Mchongaji wa Kimakonde hutajwa, mchoraji wa Tingatinga hutia sahihi yake pembeni. Mfunga nzi, ambaye kosa lake la nusu milimita lingeonekana, hana hata herufi moja.

Nilimuuliza shemeji kama hilo lilimuuma. Alisema kilichokuwa kinawaumiza ni dazani kurudishwa. Mkaguzi huweka sampuli mezani na kumi na mbili kandokando yake. Mmoja akiwa na kifua kikubwa kuliko wenzake, huchukua wembe, hukwangua uzi wote hadi kwenye chuma, na unafunga tena. Ndivyo mkono unavyofundishwa kufanana na mkono wa jana.

Nimekuwa nikifikiri kwa nini ufundi huu usikae Segera. Vifaa karibu vyote vipo, ukivitazama kwa jicho hilo. Fundi simu yeyote wa stendi ana kibano, lenzi na taa. Waya mwembamba wa shaba, wenye rangi yake ya kahawia iliyoiva ambayo ni rangi ya usubi kabisa, umo ndani ya transfoma za chaja na redio mbovu ambazo fundi redio huzitupa ndoo nzima. Jogoo wa madoadoa anazunguka uani kwa kila Mzigua. Unyoya wa kanga, mweusi wenye vitone vyeupe, hutumiwa na wafunga nzi duniani kote kwa miguu ya wadudu, na hapa tunaunyonyoa na kuuchoma. Kinachokosekana ni ndoana ndogo na uzi wa denia 70.

Na nyuzi si ngeni kwetu. Kilimo cha mkonge unaouona ukitoka Segera kwenda Hale, au Ngombezi kule Korogwe, kilianza na miche iliyoletwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya 1,000 iliyotumwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika hai. Vizazi vimekua hapa vikisokota na kufunga katani. Shemeji amelitumia hilo kwa werevu. Mtoto wa jirani alipotaka kujifunza, hakumpa ndoana. Alimpa msumari wa inchi sita na kamba ya katani, akamwonyesha lile fundo la kumalizia kwa ukubwa ambao hata aliye nyuma ya chumba angeliona. Mtoto alilifunga mpaka likaacha kumtatiza, kisha akapewa ndoana kubwa, kisha ya kati.

Trauti hatuna hapa. Maji yetu ni ya joto. Lakini perege wa Pangani, ambaye chakula chake kikubwa ni mwani, hali mwani peke yake: vijidudu vya tope navyo huviokota, na nzi mdogo mwekundu anayeshushwa taratibu karibu na chini ni kitu anachokifahamu. Kata leseni yako ya uvuvi, uliza wenyeji walipo mamba, na usisimame mahali ambapo mama wa pale hachoti maji.

Anayetaka kuanza asianze na namba 20. Achukue namba 14, uzi mweusi mwembamba kabisa atakaoupata na waya wa chaja iliyokufa, akae panapoingia mwanga wa mchana. Afunge kumi na mbili za rangi moja kabla ya kugusa rangi ya pili. Azipange kwenye karatasi nyeupe, amwite mtu asiyejua lolote kuhusu uvuvi, amuulize ni ipi mbaya. Mtu huyo akizitazama zote akakosa ya kuonyesha, ashuke namba 16.